Mwongozo Kamili: Kusoma na Kupanga Vitabu Vilivyofika Fainali ya Tuzo ya Hugo, kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Machi na Aprili, hutangazwa kazi zilizofika fainali ya tuzo ya Hugo, tuzo inayojulikana kuliko zote katika bunilizi za kisayansi (science fiction). Wapiga kura huzipanga kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho, na kura kwa kawaida hufungwa Julai. Kwetu Kusini kipindi hicho kimekaa vizuri: masika yanakatika, korosho bado, mashambani watu wanapulizia salfa na jioni ina nafasi. Miezi mitatu inatosha mtu kusoma kwa haki na kupanga orodha anayoweza kuitetea mbele ya wenzake, ilimradi ajue anachokifanya.

Naandika kwa msomaji wa kawaida wa huku. Ana simu, amesoma Kiingereza cha sekondari, na dukani hapati riwaya ya kisayansi hata akizunguka mji mzima. Sisi wachache tunaokutana Mtwara mjini kusoma pamoja tumekuwa tukifanya kazi hii, na ninachokiamini ni kimoja: orodha haipangwi siku ya mwisho. Inajengwa kitabu baada ya kitabu, siku ile ile unapomaliza ukurasa wa mwisho.

Ijue tuzo yenyewe

Jina limetokana na Hugo Gernsback, mhariri aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926. Tuzo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mjini Philadelphia, kwenye Worldcon, mkutano wa wapenzi wa fasihi hii ambao kila mwaka huhamia mji mwingine. Jambo la kushika mapema ni kwamba Hugo haina jopo la majaji. Wanaopendekeza na wanaopiga kura ni wanachama wa Worldcon, na mwanachama ni yeyote aliyelipa ada. Profesa wa fasihi na kijana wa bodaboda wa Chikongola wana kura moja moja, zenye uzito ule ule.

Hapo ndipo inapotofautiana na tuzo nyingine. Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe. Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1987, huamuliwa na jopo. Nommo, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, ni ya Waafrika, na huendeshwa na chama cha waandishi na wapenzi wa bunilizi za Afrika. Asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, alichukua Hugo ya novela (hadithi ndefu isiyofikia riwaya) mwaka 2016. Tuzo ya Clarke ilikwenda kwa Tade Thompson, naye mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2019, na mwaka uliofuata kwa Namwali Serpell wa Zambia, jirani zetu kabisa.

Ada ya mwanachama anayepiga kura bila kusafiri huwa karibu dola 50 za Marekani. Hiyo ni zaidi ya laki moja ya kwetu, na si fedha ndogo. Ukiamua kulipa, malipo hufanyika kwa kadi, na kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma za pesa za simu inaweza kukufaa. Lakini kama ni mara yako ya kwanza, nakushauri usilipe. Soma mwaka huu na upange na wenzako bila kura rasmi. Ustadi ni ule ule, na ukija kulipa mwakani utakuwa unajua unalipia nini.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuanza

Kila kipengele kina kazi sita za fainali. Za maandishi zimegawanywa kwa idadi ya maneno: hadithi fupi ni chini ya maneno 7,500, noveleti ni 7,500 hadi 17,500, novela ni 17,500 hadi 40,000, riwaya ni kuanzia 40,000 kwenda juu. Kuna pia kipengele cha mfululizo wa vitabu, ambacho mfululizo mmoja tu unatakiwa uwe na maneno yasiyopungua 240,000 katika vitabu vitatu au zaidi. Hicho kiache kwanza.

Tuchukue mwendo wa maneno 150 kwa dakika, ambao unamfaa mtu aliyeanza na Kimakonde, Kimwera au Kiyao, akaja Kiswahili, ndipo akakutana na Kiingereza darasani. Hayo ni maneno 9,000 kwa saa. Hadithi fupi sita, hata zikijaa zote, ni saa 5. Noveleti sita ni kama saa 12. Novela sita ni kama saa 27. Riwaya hazina kikomo. Tukiipa kila moja maneno 120,000, sita zinachukua saa 80. Jumla ni saa 124. Ukizigawa kwa wiki 12 unapata saa 10 na kitu kwa wiki, yaani karibu saa moja na nusu kila siku bila kukosa.

Kwa mtu mwenye kazi, shamba na familia, hizo ni nyingi. Kwa hiyo chagua kipengele kimoja au viwili, uvimalize. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote hapa. Aliyesoma hadithi fupi zote sita ana haki ya kuzipanga. Aliyesoma riwaya mbili kati ya sita anabahatisha. Anza na hadithi fupi. Utazimaliza zote ukiwa bado unaikumbuka ya kwanza.

Kuzipata

Hadithi fupi na noveleti nyingi zinazofika fainali hutoka kwenye majarida ya mtandaoni yanayosomwa bure, kama Clarkesworld, Uncanny, Lightspeed na Strange Horizons. Tafuta jina la hadithi pamoja na jina la mwandishi, utaipata ndani ya dakika chache. Ukitaka mazoezi kabla ya msimu, lipo Omenana, jarida la bunilizi za Kiafrika lililoanza mwaka 2014, nalo husomwa bure.

Riwaya na novela ni vitabu vya kununua. Wanachama wa Worldcon hupata kifurushi cha mpiga kura, desturi iliyoanzishwa na mwandishi John Scalzi mwaka 2006: wachapishaji na waandishi hutoa nakala za kielektroniki ili mpiga kura asome kabla ya kuamua. Si lazima watoe kitabu kizima. Wengine hutoa sura chache tu. Kifurushi hicho ni cha mwanachama aliyelipa. Usikitupie kwenye grupu la WhatsApp, hata kama wenzako wanakubembeleza. Mwandishi amekupa kazi yake kwa kukuamini, na wachapishaji wakiona vitabu vyao vinazagaa wataacha kutoa, na watakaoumia ni wasomaji wa mbali kama sisi.

Chukua faili la EPUB badala ya PDF, maana EPUB hukuruhusu kukuza herufi na ukurasa ukajipanga upya kwenye kioo kidogo. Riwaya nzima isiyo na picha mara nyingi haifiki MB 5, kwa hiyo bando si kikwazo. Kikwazo ni kuchelewa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kuja Kusini ilikatika upande wa Kilwa, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikaharibika, mtandao ukalegea nchi nzima. Aliyekuwa ameshapakua vitabu vyake hakuwa na la kusubiri. Pakua vyote siku ya kwanza, chaji simu umeme ukiwepo, basi.

Namna ya kusoma

Usifuate mpangilio wa orodha iliyotangazwa. Ukifanya hivyo, uchovu wako utaangukia kazi za mwisho, na waandishi wake wataadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Andika majina sita kwenye vikaratasi, changanya, chomoa. Ninaruhusu jambo moja tu nje ya hapo: kitabu ambacho ni cha pili au cha tatu katika mfululizo kiweke mwishoni, ili ukipata nafasi usome kwanza muhtasari wa vilivyotangulia. Ukishakifikia, kipime chenyewe. Kama hakisimami bila kaka zake, hilo ni la kuandikwa daftarini. Kama unasoma vipengele viwili, weka hadithi fupi kati ya vitabu virefu.

Kurasa za mwanzo ndizo zinazowafukuza wengi, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwandishi wa bunilizi za kisayansi mara nyingi hukutupa katikati ya ulimwengu usioujua bila kukuandaa. Msomaji wetu, aliyezoeshwa shuleni kwamba neno asilolijua ni kosa lake, hukimbilia kamusi kila mstari wa pili, anachoka, anaacha. Usifanye hivyo. Piga mstari chini ya neno, endelea hadi mwisho wa sura, kisha rudi. Maneno mengi yatakuwa yameshajieleza yenyewe. Yaliyobaki ndiyo ya kamusi, na usiyoyakuta humo pengine mwandishi ameyaunda yeye, na ni wajibu wake kukueleza mbele ya safari.

Chukua mfano huu niliouunda mwenyewe. Hadithi inaanza: mama anaamka gizani, anagonga ukuta mara mbili, anatega sikio, ndipo anawasha taa. Hakuna zaidi. Msomaji mwenye haraka anapita. Msomaji wa fainali anasimama na kuuliza: kwa nini mara mbili? Anasikiliza nini? Kwa nini taa ije baada ya ukuta, wakati sisi wote tukiamka tunaanza na taa? Inaelekea nje ya ukuta huo kuna kitu kinachoua, pengine hewa, pengine maji, na mama huyu ameishi humo muda mrefu hadi mkono unajua kazi yake bila kuambiwa. Hayo yote hukuambiwa, umeyapata kwa kusoma. Sasa angalia mwandishi anavyoyalipa maswali yako. Mzuri atakuonyesha ukurasa wa tano ukuta wa jirani ukigongwa na kutoa sauti nyingine, na utaelewa kwa mshtuko. Dhaifu atamleta fundi amweleze mama, kwa kurasa mbili, jinsi nyumba yao ilivyojengwa, mambo ambayo mama anayajua tangu utoto. Ukiyaona maelezo ya namna hiyo, yaandike, yatakusaidia kupanga.

Tumia pia unachokijua. Wasomaji wa huku hudhani hawana kipimo kwa sababu hawajasoma mamia ya vitabu hivi. Kipimo wanacho. Tuseme hadithi imewekwa kwenye sayari yenye miezi miwili, na kijiji cha wavuvi kimejengwa juu ya nguzo ufukweni. Kurasa thelathini zinapita na maji yako pale pale. Mtu aliyekulia Msimbati au Mikindani ataligundua hilo kabla ya profesa yeyote, kwa sababu anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na anajua mwezi mmoja tu unaweza kuacha ngalawa zimelala matopeni. Miezi miwili na bahari isiyosogea ni dalili kwamba mwandishi ameweka mwezi wa pili kwa urembo. Je, kosa hilo linaiangusha hadithi? Kama maisha ya kijiji ndiyo kiini chake, linaiangusha. Kama bahari imetajwa mara moja na kuachwa, ni doa dogo. Fundi wa majokofu, muuguzi, mtu aliyefanya kazi kwenye mitambo ya gesi Madimba, kila mmoja ana eneo ambalo mwandishi hawezi kumdanganya.

Na ipo hoja ya muda mrefu. Hadithi nyingi za fainali hucheza na mamilioni ya miaka, na wengi huandika namba kubwa bila uzito wowote. Sisi tuna Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, ndani ya Lindi, mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa walioishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Wapagazi wa huku waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na mmoja wa wanyama wale amesimamishwa leo katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Ukitaka kujua kama mwandishi amekufanya uuhisi muda, jiulize kama hadithi yake imekupa chochote kinachokaribia kubeba mfupa wa mnyama yule kwa siku kadhaa begani.

Vipi ukishindwa kuendelea? Acha. Hakuna sheria inayokulazimisha umalize kitabu kinachokusumbua. Lakini kipe theluthi ya kwanza, na uandike ulipoachia na sababu. Kitabu ulichokifungua ukakiacha kwa sababu unayoweza kuitaja unaruhusiwa kukipanga chini. Kitabu ambacho hukukifungua kabisa usikipange popote.

Daftari

Andika siku ile ile, kabla ya kulala na kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine yeyote. Mistari minne inatosha. Wazo la hadithi ni lipi, kwa sentensi moja ya Kiswahili? Ukiliondoa wazo hilo, hadithi inabaki au inakufa? Nilipunguza mwendo wapi, kwa utamu au kwa kuchoka? Nani hapa mjini ningempa aisome?

Mstari wa kwanza ndio mgumu na ndio wenye faida. Kiingereza kinaweza kukupitisha juu ya mambo usiyoyaelewa, kwa kuwa sentensi zinateleza. Ukilazimika kusema kwa Kiswahili, "watu wanauza kumbukumbu zao ili kulipa kodi ya hewa, na msichana anagundua kumbukumbu aliyonunua ni ya mama yake", hapo umeelewa. Ukijikuta unaandika "inahusu teknolojia na maisha", hukuelewa, rudi.

Baada ya wiki moja, bila kufungua daftari, andika upya unachokikumbuka. Halafu linganisha. Kuna hadithi ambazo siku ya kwanza zinakung'arisha macho na baada ya wiki hazina hata jina la mhusika kichwani mwako. Nyingine zinazidi kukua. Ninazipa nafasi kubwa hizi za pili.

Kupanga

Achana na alama za kumi juu ya kumi. Kitabu cha kwanza utakipa saba kwa kuogopa kumaliza alama mapema, cha tano utakipa tisa kwa sababu cha nne kilikuchosha, na mwishowe namba hazisemi kitu kimoja. Kujumlisha alama za wahusika na za lugha ni kubaya zaidi. Kitabu chenye wazo kubwa na lugha ya kukwaruza kitalingana na kitabu kisicho na kosa wala uhai, wakati moyoni unajua havilingani.

Panga kwa jozi. Ukimaliza kitabu cha pili, jiulize: kama kimoja tu kati ya hivi viwili kingepewa tuzo, ningefurahi kiwe kipi? Kiandike juu. Cha tatu kinapokuja, kilinganishe na vilivyopo hadi kipate mahali pake. Orodha ikishakuwa ndefu anza na cha katikati: kama kipya kinakishinda, panda, kikishindwa, shuka. Hata kitabu cha sita hakihitaji kulinganishwa zaidi ya mara tatu. Kila ulinganisho uandikie sababu ya maneno machache, maana utabishana na nafsi yako baadaye.

Vipimo vyangu, kwa uzito wake: wazo linalobeba hadithi yenyewe, kisha watu ninaowaamini, kisha lugha, kisha mwisho ulioandaliwa tangu mwanzo. Wewe waweza kuanza na watu. Ni sawa, ilimradi uamue kabla ya kusoma na utumie mpango huo huo kwa wote sita.

Mambo mawili huwapotosha wapangaji. La kwanza ni huruma ya zamu: "huyu ameshashinda, apewe mwingine." N. K. Jemisin alishinda Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kwa sababu wapiga kura walipima kila kitabu kilichokuwa mbele yao. Unapanga vitabu, si waandishi. La pili ni kudharau tafsiri. Mwaka 2015 riwaya ya Liu Cixin wa China, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Ken Liu, ilishinda tuzo hiyo. Pima maandishi uliyoyasoma, na ukikutana na majina ya watu yanayokuchanganya, tengeneza orodha yake pembeni. Wao pia wangehangaika na majina yetu.

Kikao cha wasomaji

Kusoma peke yako kunawezekana, lakini watu wanne au watano kwenye baraza huona mengi zaidi. Kanuni yangu kubwa ya kikao: kila mtu aje na orodha yake imeandikwa, na karatasi ziwekwe mezani kabla ya mtu kufungua mdomo. Kisha aanze kusema aliye mdogo kwa umri.

Hilo la pili linahitaji kusimamiwa. Kwa malezi yetu mkubwa akishasema, mdogo ataitikia tu. Kwenye kikao kimoja binti aliyetoka kumaliza kidato cha sita alisita kabisa.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, mimi hii yenu ya kwanza nimeiweka ya tano."

"Marahaba. Sema tu mwanangu, ndiyo maana umeanza wewe."

"Yule roboti analia kila ukurasa, lakini hatuonyeshwi amepoteza nini. Tunaambiwa tu ana huzuni."

Mwalimu hakubadilisha orodha yake siku ile, ila aliirudia hadithi kwa jicho hilo. Hivyo ndivyo kikao kinavyofaa. Kila mtu aondoke na orodha yake mwenyewe, hata kama zinafanana. Msitoke na orodha moja ya kikundi ya kupigia kura. Mwaka 2015 makundi yaliyopanga mapendekezo kwa pamoja yaliziba nafasi za fainali, wapiga kura wakakasirika, na vipengele vitano vikaisha bila mshindi. Ndipo kanuni zikabadilishwa: kuanzia 2017 fainali ikawa na kazi sita badala ya tano, na namna ya kuhesabu mapendekezo ikabadilishwa.

Kura inavyohesabiwa

Huwezi kupanga vizuri bila kujua namba zako zinatumikaje. Chukua watu 15 na vitabu vinne. Hesabu ya nafasi ya kwanza inatoa: A kura 6, B kura 4, C kura 3, D kura 2. Hakuna aliyevuka nusu, yaani kura 8. Wa mwisho, D, anatolewa, na karatasi zake mbili zinakwenda kwa chaguo la pili lililoandikwa humo. Zote mbili zilimweka B. Sasa A ana 6, B ana 6, C ana 3. C anatolewa, karatasi zake mbili zinakwenda kwa B na moja kwa A. A ana 7, B ana 8. B ameshinda, ingawa A ndiye aliyeongoza mwanzoni.

Tazama yanayofuata hapo. Kumweka D wa kwanza hakukupoteza kura ya mtu. Ilihamia kwa B ikiwa nzima. Kwa hiyo usiache kitabu unachokipenda kwa kuhofia "hakitashinda". Na namba za chini zina kazi: kama mmoja wa wale wawili wa C angeacha nafasi ya pili wazi, matokeo yangekuwa 7 kwa 7. Jaza nafasi za vitabu vyote ulivyovisoma, kwa ukweli wa moyo wako, hadi mwisho.

Kwenye karatasi ya kura utakuta pia chaguo la kutokuwa na mshindi. Hilo lina nguvu kweli, kwa sababu baada ya mshindi kupatikana, kura huangaliwa tena: wakiwa wengi waliomweka chini ya chaguo hilo kuliko waliomweka juu yake, tuzo haitolewi. Usilitumie kwa kitabu ambacho hukukipenda tu. Litumie pale unapoamini kabisa kwamba kazi hiyo haistahili tuzo, ukiweza kuisema sababu mbele ya aliyeipenda.

Kutuma

Tuma orodha ya kwanza mapema, hata kama hujamaliza. Kwa kawaida unaruhusiwa kuibadilisha hadi siku ya kufunga, na umeme au mtandao wa siku ya mwisho hautakutesa. Angalia saa ya kufunga ni ya nchi gani. Kama ni ya Marekani, kwetu huenda ikaangukia usiku wa manane au asubuhi ya siku inayofuata.

Piga kura yako tu. Usimjazie mdogo wako wala usimlipie mtu ada ili apange unavyotaka. Mwaka 2024 mjini Glasgow waandalizi walifuta kura 377 baada ya kugundua zilipigwa kwa hila ili kumbeba mmoja wa waliofika fainali, na walilieleza jambo hilo hadharani. Mwaka mmoja kabla, Chengdu nchini China, baadhi ya kazi ziliondolewa bila maelezo, na uchungu wake bado uko kwa wasomaji. Tuzo inayoamuliwa na wasomaji inaishi kwa uaminifu wao.

Matokeo yakishatangazwa, kwa kawaida Agosti, hutoka pia hesabu kamili za kila mzunguko. Zipitie na daftari lako mkononi, uone kitabu chako kilitolewa mzunguko wa ngapi na kura zake zilihamia wapi. Kama ulilipa ada, una haki ya kutoa mapendekezo msimu unaofuata pia, kuanzia Januari hivi. Kinachokubaliwa ni kazi iliyochapishwa mara ya kwanza katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo tangu sasa, kila hadithi ya mwaka huu inayokushika, iandike ukurasa wa nyuma: jina, mwandishi, jarida, mwezi iliotoka. Fomu ya mapendekezo ina nafasi tano kwa kila kipengele.